Bernadetha Telesfori, Aliyechagua Mpanda

Baba Padre, wazee wetu, ndugu, majirani na nyote mliotembea kwenye matope haya tangu alfajiri kuja kumsindikiza dada yetu, familia imetutuma sisi wadogo zake tuwasomee maisha yake, naye kabla hajafariki aliagiza tusome yote, hata yale ambayo kwa miaka minne hii yamekuwa yakisemwa kwa kunong'ona, kwa hiyo tunaomba mtuvumilie tukichukua muda wenu.

Marehemu Bernadetha Telesfori alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Novemba 1943, kijijini Ilunde, akiwa mtoto wa pili na binti wa kwanza wa mzee Telesfori, mrina asali aliyejulikana pori zima kwa jinsi alivyopanda miti mirefu bila kamba, na alibatizwa kwenye kigango cha hapo hapo akiwa na majuma matatu. Alipofikisha miaka tisa baba yetu alimpeleka Inyonga kwa shangazi ili asome, jambo ambalo wengi walilishangaa kwa sababu alikuwa mtoto wa kike, akasoma shule ya misheni kuanzia Januari 1953 hadi Desemba 1956 alipomaliza darasa la nne, na ingawa hakuendelea zaidi ya hapo alitoka na mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote kwetu, mpaka watu wa vijiji jirani wakawa wanamfuata awaandikie barua za kwenda kwa ndugu zao waliokuwa mashambani Tanga na migodini, na yeye aliwaandikia wote, na aliwasomea majibu yalipokuja, akilia nao au akicheka nao kadiri barua ilivyosema.

Jumamosi ya tarehe 26 Agosti 1961 alifunga ndoa takatifu hapa Inyonga na Leonidas, kijana wa Ilunde ambaye baba yetu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi ya mizinga, na wanaokumbuka wanasema baba alimpenda mwanafunzi huyo kabla binti hajampenda. Walijaliwa watoto watano, wawili Mungu aliwachukua wakiwa wachanga, waliobaki ni Cecilia aliyezaliwa mwaka 1962, Fabiani aliyezaliwa mwaka 1966 na Dorotea aliyezaliwa mwaka 1971, wote wako hapa mbele yenu. Katika maisha yao mume aliingia porini na mke alibaki na shamba la mahindi na robo eka ya tumbaku, Leonidas aliporudi na asali ni Bernadetha aliyeichuja, na ni yeye aliyeyeyusha nta na kuimimina kwenye sufuria ikagandia humo, na wanawake wengi mliokaa hapa mlijifunza kazi hiyo uani kwake. Majirani wanakumbuka kwamba Leonidas alikuwa mtu wa maneno machache, lakini alipokuwa akikaribia nyumbani kutoka safari ya pori alikuwa na kawaida ya kuanza kuimba akiwa bado mbali, kwenye mteremko wa mto, ili mkewe aweke maji ya kuoga motoni, na dada alikuwa akituambia kwamba ndoa yake ilikuwa ni huko kusikia sauti kabla ya kumwona mtu.

Siku ya Jumatatu, tarehe 6 Juni 1994, Leonidas aliondoka na wenzake wawili, Aloyce, mume wa mama Specioza, na Machibya, mume wa mama Kashinje, ambaye ni Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake akaipenda asali kuliko ng'ombe, wote watatu wakiwa na kibali cha msimu, wakiwa na chakula cha wiki tatu na madumu matupu. Wakiwa huko ndani, sehemu ile ya pori ilitangazwa kuwa imefungwa, na tangazo lilibandikwa Inyonga, mahali ambapo watu walio porini hawawezi kulisoma. Wiki tatu zilipita, ukapita mwezi, wanaume wa kijiji walipojikusanya kwenda kuwatafuta waliambiwa kwamba atakayevuka mpaka atakamatwa kama jangili, na wawili waliojaribu kweli walikamatwa.

Dada yetu aliandika barua tatu kwenda ofisi ya wilaya, Mpanda, ya kwanza tarehe 18 Julai, ya pili tarehe 2 Septemba na ya tatu tarehe 11 Novemba mwaka ule ule, zote zikiomba jambo moja tu, kwamba wanawake watatu waruhusiwe kuingia porini na watu wachache kuwatafuta waume zao. Barua hazikujibiwa, ndipo mwezi Desemba alipopanda lori la tumbaku akaenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi siku mbili, na siku ya pili kiongozi mmoja wa pale mjini, ambaye familia imeona si vema kumtaja mbele ya jeneza, alisimama mlangoni akamwambia watu wakiwa wanasikia, "Mama, mwanamke akikimbiwa na mume haiwi kazi ya serikali. Nenda Kigoma, utawakuta wameoa." Dada alirudi nyumbani, hakumweleza mtu maneno hayo kwa muda wa wiki nzima, kisha aliyasema mara moja tu, kwa mama Kashinje na mama Specioza, na tangu siku hiyo wanawake hao watatu hawakuachana.

Jumapili ya tarehe 12 Februari 1995, baada ya misa, wanawake wapatao thelathini walikusanyika uani kwake wakakubaliana kwamba lazima waandamane, isipokuwa hawakukubaliana ni wapi. Wengine walitaka iwe hapa hapa Inyonga, karibu na watoto wao. Wengine walitaka Sumbawanga, kwa kuwa ndiyo makao ya mkoa wetu. Wengi zaidi walitaka Tabora, kwani huko tuna ndugu, kuna waandishi wa magazeti, na wakubwa wa Tabora hawana ugomvi na mtu wa Inyonga, wakati Mpanda yule kiongozi alikwisha kutuma ujumbe kwa mtendaji wa kijiji kwamba mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi, kwamba anajua wanawake hao wametumwa na vyama, na kwamba kundi lolote litakaloingia mjini litalala mahabusu.

Bernadetha aliwasikiliza wote mpaka wakanyamaza, kisha akasema, na wengi wenu mlikuwepo mkasikia, "Tabora watatupokea vizuri, watatupa chai, watatusikitikia, na sisi tutarudi nyumbani na huzuni yetu ile ile. Mtu wa Tabora hana ufunguo wa pori hili. Aliyefunga yuko Mpanda, barua zangu ziko Mpanda, kwa hiyo mimi nakwenda Mpanda."

Mama Kashinje, ambaye ametupa ruhusa tuyasome haya, alimwambia, "Mama Cecilia, mimi nina watoto wanne wadogo. Nikifungwa, nani atawapikia?"

"Basi wewe baki, mdogo wangu," dada alimjibu, "nami nikimwona Machibya nitamwambia ulibaki kwa ajili ya watoto wake, na hatakulaumu."

Mama Kashinje alilia, akasema, "Sasa umeniambia hivyo nitabakije?" na jambo likaishia hapo, wakakubaliana kwamba ni Mpanda, na kwamba wataingia siku ya tarehe 6 Juni, mwaka mmoja kamili tangu waume zao waondoke.

Mwezi Machi dada alikwenda Mpanda peke yake kutafuta mahali ambapo wanawake wale wangelala, akazunguka gesti moja hadi nyingine, na kila mwenye gesti alikuwa amekwisha kuonywa, wengine walimkatalia kwa ukali na wengine kwa aibu. Siku ya tatu, akiwa amechoka, aliingia katika duka la kanga karibu na soko kuomba maji ya kunywa, mwenye duka akiwa ni Mwanaasha, mama wa Kiislamu aliyefiwa na mume miaka miwili kabla, naye alimuuliza mgeni shida yake, akaelezwa yote. Mwanaasha akasema, "Dada yangu, mimi mume wangu alikufa mikononi mwangu, nikamwosha, akazikwa, najua alipo. Wewe hata hilo umenyimwa. Uani kwangu ni pakubwa, lete hao wanawake." Dada alimkumbusha kwamba wangeweza kumfungia duka, naye akasema, "Walifunge, nitapumzika." Bi Mwanaasha yuko hapa leo, amesafiri siku mbili barabara ikiwa imekatika, na familia inamshika mikono yote miwili.

Alhamisi ya tarehe 1 Juni 1995 wanawake ishirini na watatu walitoka Inyonga kwa miguu, kwa sababu madereva wote wa malori walikuwa wamekatazwa kuwapakia, wakatembea siku tano katikati ya pori, wakipika kando ya njia, wakiwa wamezungusha miiba pale walipolala, na wanne waligeuka kwa ugonjwa na kuvimba miguu. Kumi na tisa walifika Misunkumilo, pembeni mwa mji, nyumbani kwa Mwanaasha, jioni ya Jumatatu, na Jumanne asubuhi, baada ya kunawa na kujifunga kanga safi alizowapa Mwanaasha, waliingia mjini kwa mstari, bila bango, bila wimbo, wakiwa wamebeba nakala za barua tatu tu. Askari waliwazuia hatua mia moja kabla ya ofisi, wakawaamuru watawanyike, nao wakaketi chini palepale barabarani. Bernadetha alibaki amesimama, akafungua barua ya kwanza akaisoma kwa sauti tangu tarehe hadi sahihi, akasoma ya pili, akasoma ya tatu, akarudia ya kwanza, na aliendelea hivyo mpaka saa nane mchana alipokuja kiongozi yule mwenyewe akamuuliza, "Nani amekutuma?" Alijibu, "Leonidas." Akaulizwa, "Huyo Leonidas ni wa chama gani?" naye akasema, "Ni mume wangu, mheshimiwa, ndiye huyu ninayemtafuta," na inasemekana hata askari mmoja aliangalia pembeni.

Alichukuliwa akawekwa mahabusu kwa siku tatu, na waliomchukua walitegemea wenzake wangeondoka, lakini mama Specioza, ambaye hajui kusoma, alikuwa amezisikia barua zile mara nyingi kiasi kwamba alisimama akazisema kwa kichwa. Wanawake wa sokoni walianza kuleta uji, kisha wakaanza kukaa nao, siku ya Alhamisi waliokuwa wameketi barabarani walizidi mia mbili, wenye maduka wakiwemo na abiria walioshuka kwenye treni wakiwa na mizigo yao, wote wakiuliza swali moja, kwa nini mtu asiruhusiwe kumtafuta mumewe. Ijumaa ya tarehe 9 Juni alifika ofisa kutoka mkoani, akasikiliza barua zote tatu akiwa amesimama juani, dada akafunguliwa, na kabla ya saa kumi wakapewa kibali cha kukaa porini siku saba. Dada hakushangilia. Alikuwa akisema baadaye kwamba alipokishika kibali kile mkononi ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza, kwa sababu mpaka saa ile alikuwa na watu wa kugombana nao, na sasa hakuna kilichobaki kati yake na kule alikokwenda mumewe.

Waliingia porini Jumatatu ya tarehe 19 Juni 1995, wanawake hao watatu, wanaume saba wa kijiji, mganga wa zahanati na askari wawili wa wanyamapori. Siku ya sita, kwenye kijito kilichokauka, waliikuta kambi. Mizinga ilikuwa mitini na nyuki walikuwemo. Madumu mawili yalikuwa yamejaa asali, yamefungwa vizuri, na pembeni, chini ya mti, palikuwa na makaburi mawili yaliyochimbwa na kupangwa mawe kwa uangalifu.

Makaburi yalikuwa mawili, ndugu zangu, na walioondoka walikuwa watatu. Wa tatu aliwazika wenzake, akaondoka, na pande zote walizotafuta siku ile na siku iliyofuata hawakuona mfupa wala kitambaa. Mganga wa zahanati alifikiri ni homa iliyowapata, lakini alisema hana hakika. Askari mmoja, kijana mwenye adabu, alivua kofia akauliza, "Mama zangu, tufukue ili mjue ni akina nani?"

Wanawake watatu walijitenga, wakakaa kwenye nyasi kwa kitambo kirefu, na tunayajua waliyosema kwa sababu wawili wako hai. Mama Specioza alitaka yafukuliwe. Mama Kashinje aliwaachia wenzake waamue. Bernadetha aliwaambia, "Tukifukua, mmoja wetu ataondoka hapa na mume, na wawili wataondoka wajane. Mimi siwezi kumtazama atakayebaki na mume, wala sitaki nyie mnitazame kama ni mimi. Wamezikwa vizuri, mawe yamepangwa. Tuwaombee wote watatu, twende nyumbani sote tukiwa tunasubiri." Walisali rozari, mama Kashinje akamwaga maji kwa desturi ya kwao, na siku saba zikaisha.

Kuanzia hapo dada yetu aliishi miaka mitatu na miezi tisa, na maisha yake yote katika kipindi hicho yalikuwa ni kutega sikio. Hakuvaa nguo ya msiba, hakukubali matanga yawekwe, dereva yeyote aliyetoka Kigoma au Ikola, kule ziwani, alimuuliza habari za mwanaume mrefu asiyesema sana, na akina mama wanaochota maji kule mtoni wanasema walimzoea kumwona jioni amesimama juu ya mteremko akiwa hana ndoo. Alipokwenda kuomba misa kwa ajili ya Leonidas, Padre alimuuliza kwa upole amweke miongoni mwa marehemu au miongoni mwa wasafiri, dada akajibu, "Baba, andika jina tu, Mungu mwenyewe anajua pa kumweka," na hivyo ndivyo lilivyosomwa kila mwezi Juni katika kanisa hili. Mwaka 1996 sehemu ile ya pori ilifunguliwa tena kwa warina asali, sasa kila kundi likiandikwa linapoingia na kutafutwa lisiporudi kwa wakati, na vijana wengi mliobeba jeneza hili mnakula kwa kazi ya pori lile, msisahau miguu ya akina mama wale.

Mwezi Agosti 1998 alianza kuumwa tumbo, akatibiwa zahanati ya hapa, Oktoba akapelekwa hospitali Mpanda ambako alikaa wiki sita, akilala siku za mwanzo na za mwisho uani kwa Bi Mwanaasha, na baadaye Tabora, ambako Januari mwaka huu waganga walieleza kwamba ni saratani na imeenea. Aliomba arudishwe nyumbani. Akiwa kitandani alimwita Cecilia akamwambia maneno ambayo aliagiza tuyasome leo, mama Kashinje na mama Specioza wakiwepo, "Siku ile porini niliwaambia wenzangu tusifukue kwa ajili yao. Si kweli yote. Vidole vyangu vilikuwa vinataka kuchimba. Niliogopa kumkuta. Kama niliwakosea, wanisamehe." Wenzake walikwisha kumpa jibu lao kabla hajafumba macho, walipokuwa wakimuuguza kwa zamu, na mama Specioza, aliyetaka yafukuliwe, alimshika mkono akasema, "Dada, hii miaka minne kila asubuhi nimeamka nikiwa na mume. Nikusamehe nini?"

Bernadetha alifariki nyumbani kwake Inyonga, Jumatano ya tarehe 17 Machi 1999, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, mikononi mwa binti zake. Ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja na mume ambaye hatujui mahali alipo.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa zahanati ya hapa, wa Mpanda na wa Tabora waliohangaika naye, Padre aliyemletea komunyo kila Ijumaa, majirani waliomlimia shamba alipokuwa hawezi tena kushika jembe, warina asali wote, akina mama kumi na wanane waliofika naye mjini na wanne waliogeukia njiani, Bi Mwanaasha na watu wa soko la Mpanda, na hata wale askari wawili wa wanyamapori, ambao mmoja tumepata salamu zake za rambirambi. Tukisahau mtu tunaomba atuelewe, kwani mioyo yetu haijatulia.

Neno la mwisho ni agizo lake mwenyewe, nalo ndilo lililowafanya wachimbaji jana watuulize kama tumekosea vipimo. Aliagiza kaburi lake lisichimbwe katikati ya kiwanja, lichimbwe upande wa kushoto, upande wa kulia uachwe wazi, usipandwe kitu wala usizikwe mtu mwingine, na akasema, "Akija, hata akiwa mzee asiyeona, mwonyesheni nilipo, mwambieni nafasi yake ipo." Tumefanya hivyo. Nyie mnaosafiri, mnaopita Kigoma na kando ya ziwa, mkimkuta mwanaume wa Ilunde anayeitwa Leonidas, mwambieni mkewe alimtafuta kadiri ya nguvu zake, na kwamba ardhi iliyo ubavuni mwake ni ya kwake.

Dada Bernadetha, mama Cecilia wetu, umetembea mbali, miguu yako ipumzike sasa, na amani ya Mungu ikae nawe.